Jibu: Siku mbili Unguja, nile wapi vya haraka?

Mdau, umesema una siku mbili tu Unguja na hutaki kukaa hotelini kusubiri sahani. Basi jioni teremka Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, pale mbele ya lile jumba la kale la Beit al-Ajaib. Wauzaji huanza kupanga meza jua likizama.

Wengi watakuelekeza kwenye pizza ya Zanzibar. Nzuri, sikatai. Kinyunya kinavutwa mpaka kinaonyesha, kinajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kinakunjwa pembe nne na kutupwa kwenye tava. Dakika chache tu unakula.

Ila mimi kwangu ni urojo. Mwangalie muuzaji mikono yake: viazi, bajia, kachori, mishikaki miwili, halafu upawa wa ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi. Juu anamalizia chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Zile chipsi ziwahi kabla hazijalainika!

Pweza na kamba, ulizia bei kabla hawajaweka jikoni. Niliwahi kujifanya mwenyeji, nikakoma. Shushia juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi.