Kanyawara miezi mitatu inatosha? Panga minne, na ukiwa na mafua baki kambini

Mkuu umeuliza kama miezi mitatu kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere pale Kanyawara, msitu wa Kibale Uganda, inatosha kwa data za masta na ubebe nini. Mimi nilikaa pale nikifuata sokwe mtu, nikitokea Bukoba kwa basi kupitia Mutukula, Kampala mpaka Fort Portal, nakujibu kwa niliyoyapitia.

Gambuti pea mbili, soksi ndefu za kuchomekea suruali maana siafu wapo wa kutosha, na kibali cha utafiti anza kukifuatilia mapema sana. Hayo madogo.

Kubwa ni hili. Wiki ya tano niliamka na mafua, kikohozi kidogo tu, na siku zangu zilikuwa zinayoyoma, nikavaa barakoa nikasema nitajikaza. Mzee aliyekuwa anatuongoza, yaani mtu anayewajua wale sokwe kwa sura, kwa sauti na kwa mama zao, akaniangalia akasema leo huendi. Nikabisha eti ni vumbi. Akanikalisha barazani akanisimulia mwaka 2013, kirusi cha rinovirusi C, ambacho sisi kinatupa mafua ya kawaida, kiliingia kwenye kundi lile lile ninalolifuata mimi, sokwe 56, wakafa watano, mmoja mtoto wa miaka miwili. Aisee nilinyamaza. Kundi limefuatiliwa tangu 1987, halafu jike anazaa mara moja kwa kama miaka mitano au sita, sasa piga hesabu kuziba pengo la watano inachukua muda gani.

Nilikaa kambini siku nane. Nikawa naingiza data kwenye kompyuta, jioni yule mzee akirudi tunapitia fomu zangu pamoja, ndipo akagundua madume wawili vijana nimekuwa nikiwachanganya tangu wiki ya kwanza, ningeenda kutetea tasnifu na majina ya uongo. Kwa hiyo hao wasaidizi wa utafiti wasikilize kama walimu wako, na majina yao yaandike kwenye shukrani, wengi wanasahau na inaniuma sana.

Bajeti iandike miezi minne. Huo wa nne utaliwa na mvua, mafua, na siku mnatembea tangu alfajiri mpaka jioni bila kuona hata sokwe mmoja.