Mnaoanza kazi ya hati za kimila, someni hii kabla ya kwenda fildi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye timu za upimaji vijijini kuandaa hati za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 mmeshaisoma chuoni so sirudii. Langu ni moja, mkifika kijijini kabla hamjawasha simu kuchukua pointi za mipaka ulizeni nani hayupo.

Waliopo watajisemea wenyewe. Shida ni yule aliyeenda Dar kutafuta maisha, mjane aliyerudi kwao baada ya msiba, na hasa wafugaji. Nenda Kiteto, kule Manyara, kiangazi, mifugo imehama, unaona eneo halina mtu, unaambiwa hili ni la akiba, mnapima mnagawa, mvua zikinyesha wenye ng'ombe wanarudi wanakuta mahindi ya mtu kwenye njia ya kwenda lamboni. Na sio kwamba sheria haina dawa, kikundi kinaweza kupewa hati ya pamoja, Wahadzabe, wale wawindaji wa Yaeda Chini, walipata 2011, na hapo hapo Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwenye mpango mmoja. Ila hiyo inataka vikao vingi na bajeti za miradi hazipendi vikao, zinapenda idadi ya hati.

Mpaka msiutembee na mwenye shamba peke yake. Majirani wa pande zote wawepo, na mzee anayekumbuka nani alipanda ile minyaa. Nishaona watu wanagombania mnyaa mmoja, huyu anasema mpaka unapita kushoto kwake yule kulia, futi tatu hivi, na kijana wa simu anataka achukue katikati yaishe tuondoke. We! Simu yenyewe inakosea mita kadhaa, hizo futi tatu haizioni kabisa. Waacheni wabishane hapo hapo mbele ya kamati ya maamuzi, ile ya kijiji inayohakiki nani mwenye ardhi, ikishindikana kuna baraza la ardhi la kijiji.

Kwenye fomu baba atasema andika jina langu tu, mimi na mke wangu ni kitu kimoja. Mwiteni mama, ikibidi aongee pembeni na wajumbe wanawake wa kamati ya maamuzi, sheria inataka wasipungue wanne kati ya tisa na hawakuwekwa pale kujaza viti. Kifungu cha 20 cha hiyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini ukikisoma mkutanoni kwa sauti ya hakimu wazee wananuna, mi nauliza tu mzee ukitangulia mama atalima wapi.

Mikopo msiahidi. Benki nyingine zinapokea hati ya kimila, nyingi zinakuzungusha.

Afu masjala, jamani. Ofisi nyingi za vijiji hazina hata kabati linalofungwa, nakala za kijiji zinaliwa na mchwa au zinakaa nyumbani kwa mtendaji na akihamishwa hakuna anayejua ziko wapi. Hela ya kabati iombeni mwanzoni, mradi ukifika mwisho hakuna atakayewasikiliza.