13B kwenye RV-6: nyuzi 900 kwenye egzosti ni kawaida?

Mkuu, umeuliza kama geji ya joto la egzosti (bomba la moshi) kusoma nyuzi 900 za Selsiasi kwenye 13B, injini ya Mazda uliyofunga kwenye ndege yako ndogo ya RV-6, maana yake injini inakufa. Hapana, rotari (injini zenye rota ya pembetatu inayozunguka badala ya pistoni) ndo zilivyo. Haina valvu, tundu la moshi linafunguka wakati mafuta bado yanamalizia kuungua, so moto wenyewe unatoka nao nje, usilinganishe kabisa na Lycoming ya jirani yako, ile injini ya ndege ya pistoni.

Ila angalia taimingi kwanza (wakati plagi inapochoma), ikichelewa joto linapanda, na hakikisha plagi zote mbili za kila rota zinachoma maana ya pili ikizima utaona joto linaruka juu na injini bado inazunguka vizuri tu, inakudanganya. Ukiongeza petroli kwenye mchanganyiko joto linashuka, sema injini itainywa hatari.

Kinachoniumiza kichwa mimi ni bomba sio injini. Chuma cha kawaida kitaliwa fasta, stenlesi 304 nayo inapasuka kwenye maungio, tafuta stenlesi 321 au Inconel (aloi ya nikeli inayovumilia joto kali) kama mfuko unaruhusu. Saileensa ndo hufa mapema kabisa, mapigo ya moshi wa rotari yanararua vile vibati vya ndani. Na usilizungushie bomba kitambaa cha joto, linajipika lenyewe humo ndani, weka ngao ya bati yenye nafasi ya hewa katikati, hasa upande wa paipu za petroli na waya za koili. Bomba lining'inie kwenye injini yenyewe, usilifunge kwenye bodi ya ndege, mtikisiko utalikata.