Anza na Mapingamizi: Kumfundisha Thoma wa Akwino Darasani

Somo la falsafa ya Kikatoliki huharibika mapema, mara nyingi wiki ya kwanza, mwalimu anapofundisha mahitimisho. Mungu yupo, roho haifi, mali binafsi ni halali. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, kwenye mtihani wanarudisha yaleyale. Wengi wao wamepita mafundisho ya komunyo na kipaimara, wanayajua maswali na majibu ya katekisimu, na kwao hili ni darasa lilelile ila ada imepanda. Wasio Wakatoliki, ambao vyuo vikuu vya Kanisa hapa kwetu vinawapokea pia, wanakaa nyuma wakisubiri muhula uishe.

Dawa imo ndani ya kitabu chenyewe cha Thoma wa Akwino, mwanateolojia na mwanafalsafa wa karne ya 13. Summa Theologiae, ambayo Thoma aliianza miaka ya 1260 na kuiacha bila kuimaliza Desemba 1273, ina maswali 512 yenye vifungu zaidi ya 2,600, na kila kifungu kinawapa wapinzani nafasi ya kusema kwanza. Yanatangulia mapingamizi, mara nyingi matatu. Linafuata "lakini kinyume chake", kwa kawaida nukuu fupi ya mwenye mamlaka fulani. Halafu "najibu", ambapo Thoma anatoa hoja yake. Mwisho anarudi kwa wapinzani na kumjibu kila mmoja. Muundo huu umetokana na mijadala ya vyuo vikuu vya karne ya 13, na mwalimu anayeufuata hana haja ya kubuni mbinu nyingine.

Usianze na zile Njia Tano za kuthibitisha kuwepo kwa Mungu. Najua ndizo maarufu, na mitaala mingi inazitanguliza. Lakini njia ya kwanza haieleweki bila Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na maelezo yake ya uwezekano na utimilifu (kile kitu kinachoweza kuwa na kile kilichokwisha kuwa), na mwanafunzi asiyeyajua hayo atadhani "sababu ya kwanza" ni iliyotangulia kwa saa na tarehe. Kipindi kizima kitaishia kwenye kuku na yai. Thoma mwenyewe anasema wazi (I, yaani sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 46, kifungu cha 2) kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo tunalishika kwa imani. Kwa hiyo hoja zake haziwezi kuwa zinategemea mwanzo wa wakati. Peleka Njia Tano baada ya katikati ya muhula, na kabla yake fundisha kifungu cha 1 na cha 2 cha swali la 2 la sehemu hiyo ya kwanza, ambamo Njia hizo zimo.

Anza na jambo ambalo kila mwanafunzi ana msimamo nalo kabla hajaingia darasani. Kifungu kinachofaa kuliko vyote ni II-II (nusu ya pili ya sehemu ya pili), swali la 66, kifungu cha 7: je, ni halali mtu kuiba kwa sababu ya shida?

Toa nakala ya ukurasa mmoja tu, wenye kichwa cha kifungu na mapingamizi matatu. "Najibu" ibaki kwako. Kipindi cha saa mbili kinatosha. Pingamizi la kwanza linasema sheria ya Kanisa ilimpangia kitubio cha majuma matatu aliyeiba chakula au nguo kwa njaa, na kitubio hakitolewi pasipo kosa. La pili linamleta Aristotle: kuna matendo ambayo jina lake tu linabeba ubaya, na wizi ni mojawapo, hivyo nia njema haiwezi kuyasafisha. La tatu linamtumia Mtakatifu Agostino, mwalimu wa kale wa Kanisa: hairuhusiwi kuiba ili utoe sadaka kwa jirani, basi hairuhusiwi pia kuiba kwa shida yako mwenyewe.

Wagawe watu watano watano, pingamizi moja kwa kila kundi, dakika 25. Kazi yao ya kwanza ni kulitetea. Kulijibu kutakuja baadaye. Kundi lisimame na kulisema pingamizi kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nguvu kuliko lilivyo kwenye karatasi, mpaka wenzao waanze kuyumba. Hapa usiwe mpole. Kundi likileta pingamizi dhaifu, lirudishe likajipange. Asiyeweza kumsemea mpinzani wake hajaingia bado kwenye falsafa, yuko kwenye ushabiki.

Ndipo ugawe ukurasa wa pili. Someni "najibu" polepole, sentensi kwa sentensi, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anaieleza upya. Mtiririko wake ni huu: sheria ya binadamu haiwezi kufuta sheria ya maumbile (ile ambayo akili huitambua yenyewe) wala ya Mungu. Kwa Maongozi ya Mungu, vitu vya dunia vimewekwa vikidhi mahitaji ya watu. Kugawana mali ni mpango wa sheria ya binadamu, hivyo mgawanyo huo hauwezi kuzuia mahitaji yasikidhiwe. Ziada waliyonayo wengine ni haki ya maskini kwa sheria ya maumbile. Hapo ananukuliwa Mtakatifu Ambrosi, askofu wa kale, akisema mkate unaoushikilia ni wa wenye njaa. Lakini wahitaji ni wengi na kitu kimoja hakiwezi kuwatosha wote, kwa hiyo kila mmoja ameachiwa kugawa vyake kwa hiari yake. Isipokuwa hitaji likiwa dhahiri na la haraka kiasi kwamba hakuna njia nyingine ya kuokoa, hapo mtu anaweza kuchukua cha mwenzake, waziwazi au kwa siri.

Simama kwenye jibu la pingamizi la pili, kwa sababu hapo ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi ataandika "Thoma anaruhusu wizi wakati wa shida." Hapana. Anachosema ni kwamba kitendo hicho si wizi kamwe kwa maana yake halisi, kwa kuwa kile mtu anachochukua kuokoa uhai wake kinakuwa chake kwa sababu ya hitaji lenyewe. Amri ya "Usiibe" inabaki nzima, bila tundu hata moja. Aristotle naye anabaki na ukweli wake. Wakilishika hili, wameshika namna Thoma anavyofanya kazi mahali pengi: badala ya kumkanusha mpinzani, anaonyesha ni wapi kauli yake ni kweli na ni wapi haifiki.

Kisha wape visa wapime masharti. Mama ana mtoto aliyepatwa na degedege usiku, duka la dawa limefungwa na mwenyewe hapatikani. Keshia hajalipwa mshahara miezi miwili, anachomoa fedha kwenye droo. Kisa cha pili kitazua kelele, na ni vizuri: dai lake ni la haki, ila je, hitaji ni la haraka kiasi hicho, na njia nyingine zote zimekwisha? Usitoe hukumu kabla ya darasa kutaja sharti lipi limetimia na lipi bado.

Wiki inayofuata rudi nyuma kwenye kifungu cha 2 cha swali hilohilo. Huko Thoma anatetea umiliki binafsi kwa sababu tatu: mtu hujali zaidi kilicho chake kuliko cha wote, shughuli hupangika vizuri, na amani hudumu. Aliyewahi kulima shamba la pamoja atatabasamu kwenye sababu ya kwanza. Lakini papo hapo anaongeza kwamba katika matumizi mtu asivihesabu vitu kuwa vyake peke yake, awe tayari kuwashirikisha wahitaji. Kutoka hapo daraja la kwenda kwenye mafundisho ya jamii ya Kanisa ni fupi: waraka Rerum Novarum wa Papa Leo XIII (1891) unanukuu kifungu hiki, na hati Gaudium et Spes ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1965), namba 69, inasema mwenye shida ya kupindukia ana haki ya kujipatia mahitaji yake kutoka kwenye mali ya wengine.

Tanzania lazima mtu atalitaja Azimio la Arusha la 1967. Likaribishe, ila zuia haraka ya kuyachanganya. Azimio linazungumzia njia kuu za uchumi kuwa chini ya umma; Thoma anazungumzia wajibu wa mwenye mali juu ya ziada yake. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki, na hilo pekee halithibitishi kitu.

Darasa likiwa na Waislamu, usiwaache wawe wageni. Thoma anawajadili wanafalsafa wa Kiislamu: Ibn Sina mara kwa mara, na Ibn Rushd, ambaye mara nyingi anamwita "Mfafanuzi", kama vile Aristotle alivyo "Mwanafalsafa". Wakati mwingine anawapinga vikali. Waonyeshe yote mawili.

Piga marufuku sentensi inayoanza na "Kanisa linasema" mahali panapotakiwa hoja. Wakilalamika, wasomee I, swali la 1, kifungu cha 8, jibu la pingamizi la pili: hoja inayosimama juu ya mamlaka ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ile ya ufunuo wa Mungu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Teolojia inaanzia kwenye ufunuo. Nyinyi mko kwenye falsafa.

Makosa mengine ya mtihani ni machache. Baya zaidi ni kunukuu pingamizi kama msimamo wa Thoma; linatokana na kutafuta nukuu mtandaoni bila kusoma kifungu kizima. Wadai waandike sehemu ya kifungu kila wanaponukuu: pingamizi la 2, najibu, jibu la 3. Lingine ni kuichukua "lakini kinyume chake" kama uthibitisho, wakati katika kifungu hiki ni mstari mmoja tu, kwamba katika shida vitu vyote ni vya wote.

Kwa kusahihisha, swali la alama 20 ligawe hivi: 6 kwa pingamizi lililoelezwa kwa nguvu zake zote, 8 kwa hoja ya "najibu" hatua kwa hatua, 4 kwa jibu linalogusa pingamizi lile lile lililotajwa, na 2 kwa maoni ya mwanafunzi. Atakayempinga Thoma kwa hoja iliyoshikana apate zote mbili.