Nesi kwenye timu ya kimbunga: mgonjwa akifa, nani anakulinda?

Dada wa Baton Rouge, Louisiana, umeuliza kama unaweza kuburuzwa mahakamani mgonjwa akikufia wakati wa kimbunga, maana hospitali imekupanga kwenye timu ya dharura. Jambo la kwanza ni hili: nani amekutuma, na unalipwa au la?

Mimi ni nesi hapa Houston. Kimbunga Harvey kilipoufurisha mji mwaka 2017, nilijitolea kwenye kambi ya waliokimbia maji. Ipo sheria ya serikali kuu ya mwaka 1997 inayomkinga anayejitolea bila malipo chini ya serikali au taasisi isiyo ya faida, mradi ana leseni inayotakiwa na yuko ndani ya kazi aliyopewa. Uzembe uliokithiri haumo kwenye kinga hiyo. Ndiyo maana mlangoni walihakiki leseni yangu mtandaoni kabla ya kuniandika daftarini. Wenzangu wengine walinuna na kuondoka. Nikawashangaa, kwani jina daftarini ndio ushahidi kwamba umetumwa.

Ndani kulikuwa na bibi wa kisukari, dawa zake zimesombwa. Insulini ilikuwepo, nikasubiri oda ya daktari. Fomu zilikuwa zimekwisha, basi nikaandika sukari, dozi na saa kwenye plasta ya karatasi, nikaibandika kitandani, asije akachomwa tena na zamu inayofuata.

Wewe unalipwa, kwa hiyo sheria ile haikuhusu. Utaegemea sheria ya jimbo lenu la Louisiana, na kwenu ilizaliwa kwa uchungu. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, Dkt. Anna Pou na manesi wawili walikamatwa Julai 2006, wakituhumiwa kuwaua wagonjwa kwa dawa katika hospitali ya Memorial, New Orleans, iliyokuwa imezingirwa na maji bila umeme. Mwaka 2007 jopo la raia likakataa kumfungulia Pou mashtaka. Mwaka 2008 jimbo likapitisha kinga dhidi ya kesi nyingi za madai wakati wa maafa, na kuwahimiza waendesha mashtaka wasubiri kwanza maoni ya jopo la wataalamu wa tiba. Nimesema madai. Ukituhumiwa kudhuru kwa kukusudia, kinga hiyo haikufuniki.

Kwa hiyo mwulize mwajiri, na akujibu kwa maandishi: bima yake inakufuata ukihamishiwa jengo jingine? Na wakikuvusha kuja huku Texas, hakikisha leseni yako ni ile ya majimbo mengi. Majimbo yote mawili yanaitambua.