Anti, mwanamke anaweza kushika usukani wa gari la watalii? Na maswali mengine kutoka Kanda ya Ziwa

Maswali ya safari hii yametoka kwetu hapa: Buhongwa, Igoma, Nansio, mpaka Bunda. Nimeyafupisha, na majina ya wenyewe nimeyaweka kando.

Shikamoo anti. Nimemaliza kidato cha nne, nina D nne na C moja. Nataka kuwa mwongoza watalii. Baba anasema hiyo ni kazi ya madereva, na mtoto wa kike hawezi kulala porini na wanaume asiowajua. Nianzie wapi? – Binti wa Buhongwa

Marahaba mwanangu. Baba yako amesema mambo mawili, tusiyachanganye.

La kwanza ana haki nusu. Kwenye safari nyingi za hifadhini huku kwetu, dereva na mwongozaji ni mtu mmoja. Binti akimaliza chuo anajua majina ya ndege wote lakini usukani hajawahi kuugusa, kampuni inamweka ofisini ajibu simu, na hapo ndipo anapozeekea. Kwa hiyo udereva usiuache mwishoni. Nenda VETA, upate leseni ya daraja la kubeba abiria, na ujifunzie Landkruza ya gia, siyo kigari cha shangazi. Udongo mweusi wa Serengeti ya magharibi ukilowa hauna huruma. Ujue kupiga jeki, kubadili tairi, kufunga kamba ya kuvutwa. Siku utakapobadili pancha mbele ya wageni bila kumwita mtu, hakuna atakayekuuliza tena kama hiyo ni kazi ya wanawake.

Kuhusu shule, matokeo yako yanatosha kuanza ngazi ya cheti, mradi angalau pasi zako nne kati ya hizo tano zisiwe na somo la dini ndani yake. Chuo cha Taifa cha Utalii kinafundisha kuongoza watalii. Chuo cha Pasiansi, hapo hapo Ilemela, ni habari nyingine: kinatoa askari wa wanyamapori, na mafunzo yake ni ya kijeshi. Wengi wanachanganya hivi viwili, kisha wanashangaa kukimbizwa mchakamchaka alfajiri. Ukishahitimu unahitaji leseni ya mwongoza watalii kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Na tangu 2025 kazi ya kuongoza watalii ni miongoni mwa shughuli ambazo wasio raia wamekatazwa kuzifanya. Nafasi ni zetu, ila amri hiyo haisemi zigawiwe vipi kati yako na kaka yako.

Wakati unasubiri chuo usikae bure. Kisiwa cha Saanane kiko pale karibu na Capri Point, dakika chache kwa boti. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, na udogo huo ndio unaokufaa: kwa siku moja unaweza kuwatazama pimbi, swala na ndege wa majini mpaka ukawachoka. Nenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, uzijue ngoma za watemi na uweze kumweleza mgeni tofauti ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu bila kubabaika. Soma habari za sokwe wa Rubondo, waliotolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya na kuachiwa kisiwani kati ya 1966 na 1969. Waongozaji wengi wanaotoka Arusha wanaifahamu Seronera, katikati ya Serengeti, kama sebule yao, lakini wakifika ziwani wanakuwa wageni kama wateja wao. Wewe utamwingiza mtu kwa lango la Ndabaka, saa mbili na ushee kutoka Mwanza mjini, umwoneshe mamba wa mto Grumeti, na jioni ule naye sato ufukweni. Umwambie pia asiogelee ovyo, maana ziwa letu lina kichocho. Mgeni anayefichwa hilo akaja kuugua kwao hatamsifu mtu.

La pili, la kulala porini. Hapo baba anauliza swali zuri kwa lugha mbaya. Mabanda ya madereva sehemu nyingi yalijengwa na watu ambao hawakuwahi kumfikiria dereva wa kike: chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, choo kimoja. Kabla hujasaini, iulize kampuni utalala wapi kila usiku, na jibu liandikwe. Wakikucheka, umeshapata jibu.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna chuo kitakufundisha. Mwanamume akitaka kuchimba dawa anazunguka nyuma ya tairi, yamekwisha. Wewe utapanga siku yako kwa vyoo: getini, kwenye eneo la kulia chakula, kambini. Wasichana wengi wanaacha kunywa maji kutwa nzima ili wasisumbue, na matokeo yake ni UTI kila msimu. Kunywa maji. Tangaza kituo cha choo kabla hujaombwa, na utaona wageni wa kike wanavyoshukuru, maana nao walikuwa wamejibana. Pedi ziwe za siku mbili zaidi ya unavyodhani, na mfuko mweusi wa taka usikose garini.

Baba akibisha bado, mwambie kuna kambi Serengeti ya kati, inaitwa Dunia, ambayo tangu 2016 inaendeshwa na wanawake kuanzia meneja mpaka jikoni. Na mpeleke Saanane Jumapili moja. Wewe ndiye umwongoze.

Niko mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Mkataba wangu ni wa miezi sita sita, huu ni wa tatu mfululizo. Nina ujauzito wa miezi minne. Meneja amesema kwa upole, "Wewe kajifungue salama, utaturudia msimu ujao." Nifurahi au nilie? – Mama Mtarajiwa, Igoma

Usilie, dada, andika barua. Upole wa meneja huyo umekufukuza kazi, sema hujapewa karatasi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Waajiri wa msimu hupenda kusema likizo ni ya waajiriwa wa kudumu. Si kweli. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita ndiye asiye na haki ya likizo yenye malipo, na hata hapo sheria imemtoa mfanyakazi wa msimu kwenye kizuizi hicho. Imemtoa pia aliyeajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yule yule, ikiwa jumla ya muda wake inazidi miezi sita. Wewe uko kwenye mkataba wa tatu. Umepita mbali.

Unachotakiwa ni kumpa mwajiri taarifa ya maandishi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Una miezi minne, kwa hiyo muda upo, lakini usiuchezee. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ukirudi unarudi kwa masharti yale yale, na una hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kunyonyesha. Zamu ya usiku usipangiwe katika miezi miwili ya mwisho ya ujauzito, wala miwili ya kwanza baada ya kujifungua.

Wakikataa kuhuisha mkataba wakati miwili iliyotangulia ilihuishwa bila neno, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa ni kuachishwa kazi, na sababu ikiwa ni mimba, ni kuachishwa isivyo halali. Unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi hapa Mwanza, ndani ya siku 30. Siku hizo huwaponyoka wengi, kwa kuwa wanazitumia kubembeleza.

Nasafisha vyumba. Mgeni mmoja anayekuja kila mwezi hunishika kiuno. Nilipomwambia msimamizi alicheka, akasema mteja ni mfalme. Sasa msimamizi mwenyewe anasema nikitaka kupandishwa mapokezi "nijiongeze". – Jina kapuni

Hapa una makosa mawili ya watu wawili, na kila moja lina mlango wake.

La mgeni: unyanyasaji wa kingono ni jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, awe mfalme au mtumwa. Unakwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Mwajiri naye hawezi kunawa mikono, kwani sheria ya ajira inauhesabu unyanyasaji huo kuwa ubaguzi kazini. Andika kila tukio: tarehe, saa, namba ya chumba, nani alikuwa kwenye korido. Liingize kwenye kitabu cha zamu kama mnavyoandika bomba lililovuja. Na kuanzia kesho, chumba chake mwingie wawili, toroli likae mlangoni, mlango wazi. Najua si haki kwamba wewe ndiye ujipange. Fanya hivyo hata hivyo.

La msimamizi lina jina lake: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa anayetumia madaraka yake kudai ngono ili atoe ajira au cheo. TAKUKURU wanapigiwa 113, bure. Usimjibu kwa maneno ya mafumbo ukidhani unanunua muda, maana atakuja kuyasoma mbele za watu kama kukubali. Mjibu kwa ujumbe mfupi unaoeleweka: "Nimekataa ulichoniomba leo." Uhifadhi.

Na wenye hoteli mnaosoma hapa: matangazo yenu ya "awe msichana mwenye mwonekano wa kuvutia" ndiyo yanayowaambia wasimamizi kwamba mmeajiri kiuno. Andikeni kwamba mnataka mtu anayejua kazi.

Mimi ni wa Nansio. Nataka kufanya kazi melini, siyo kuuza chai, namaanisha ubaharia. Wavuvi kwetu wanasema mwanamke akipanda mtumbwini samaki hukimbia. – Binti wa Ukerewe

Samaki hao hao wakifika soko la Mwaloni Kirumba wanaanikwa na nani? Mwiko huo ni wa mitumbwi. Meli inaendeshwa kwa cheti. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, ndicho cha kukitafuta, na TASAC ndio wanaosimamia vyeti vya mabaharia.

Ushauri mmoja wa soko: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo usijenge ndoto yako kwenye vivuko vya pale. Visiwa bado vinahitaji vyombo, na kuna wageni wanaotaka kuliona jiwe linalocheza la Ukara. Ila ukivaa sare, uwe na ulimi. Watu wa ziwa hili tumezika MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018; hiyo ya pili ilizama pale pale jirani na Ukara, na watu zaidi ya 220. Chombo kikizidisha abiria, baharia ndiye wa kwanza kuona. Ukiogopa kusema kwa sababu wewe ni mwanamke mgeni kazini, afadhali hiyo chai.

Ni mhudumu wa basi la Mwanza–Dar. Tangu mabasi yaruhusiwe usiku mwaka 2023 nalala njiani zaidi ya nyumbani. Kuna malipo ya ziada? – Nyegezi stendi

Yapo. Saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ni kidogo, lakini ni yako. Kama hulipwi mshahara ila "posho ya safari", tatizo lako ni mkataba, na uanze na hilo kwanza.

Wageni wanawaachia bakshishi wahudumu wa mezani na madereva. Sisi wa kufua mashuka, wanawake watupu, hatuoni kitu. – Chumba cha kufulia

Ombeni sanduku moja mapokezi, lenye kufuli mbili, funguo moja kwa mtu wa nyuma na moja kwa mtu wa mbele, lifunguliwe mchana mbele ya watu na mgao uandikwe. Madereva watanung'unika. Wanaolalia mashuka hayo safi hawatanung'unika.

Mke wangu yuko kambini Serengeti, anakaa wiki kadhaa ndipo arudi Bunda. Watoto wako nami. Rafiki zangu wananicheka kwamba nimeolewa. Nimrudishe? – Mume, Bunda

Shemeji, hao rafiki zako ada ya shule wanakulipia? Wanaume wa Mara na Mwanza wameacha wake zao kwa miezi, wakienda migodini Geita na makambini ziwani, na hakuna aliyesema mke ameoa. Swali lako la kweli nadhani ni lingine: unamkumbuka, na nyumba imekuelemea. Hilo halina aibu. Mwambie aombe ratiba ya zamu ya miezi mitatu mbele badala ya kuitwa na kurudishwa kwa simu, nanyi mpange likizo yake iangukie shule zikifungwa. Kambi nyingi hupunguza kazi wakati wa masika, Aprili hasa. Aanze kuomba mapema, kabla wenzake hawajaijaza.