Oili ya sinthetiki: badilisha lini?

Ndugu yangu, umeuliza Toyota IST yako ibadilishwe oili lini: fundi kasema kila kilomita 3,000, dumu la oili ya sinthetiki limeandikwa 10,000. Usifuate yote mawili. Ile 3,000 ni mazoea ya oili ya kawaida, kwa sinthetiki unamwaga hela. Na 10,000 ni ya gari la safari ndefu kwenye lami, wakati wewe unashinda foleni ya Ubungo injini inanguruma, kilomita hazisogei. Toyota wa Marekani kwa oili ya sinthetiki ya 0W-20 (namba ya wepesi wa oili) wanaruhusu maili 10,000 au mwaka, ila kwenye vumbi wanashusha hadi maili 5,000 au miezi 6, kama kilomita 8,000 hivi. Kwako ningemwaga oili kwenye kilomita 7,000, au miezi 6 ikitangulia.

Filta ni mpya kila unapomwaga, usikubali ya kupulizwa kwa upepo. Ikiziba, vali yake inafunguka na oili inaenda kwenye beringi bila kuchujwa. Hakikisha raba ya filta ya zamani imetoka nayo. Ikibaki kwenye injini, hiyo mpya itavuja. Kama injini ya IST yako ni 1NZ, inakula kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu la lita 4 linatosha.